Ndege ya Boksi, Rangi na Pumzi Yako

(Mazungumzo na wanafunzi wa klabu za afya za sekondari, Mpanda. Tumeyachapa karibu yote, pamoja na vipimo, ili na wewe uliyeko mbali uweze kujaribu.)



Najua mkimwona mtu wa shirika la afya anaingia na begi lake mnajua kabisa atasema nini. UKIMWI, malaria, nawa mikono, kwaherini. Wengine mmekwishaanza kuchora pembeni mwa daftari. Endeleeni tu, maana leo kuchora kunatakiwa. Leo tunatengeneza ndege.

Siyo ile ya karatasi ya kumrushia mwenzako mwalimu akigeukia ubao. Nazungumzia modeli, yaani ndege ndogo inayofuata vipimo vya ndege ya kweli kwa skeli, kama ramani ya Jiografia inavyofuata vipimo vya nchi. Tutaitengeneza kwa boksi, vijiti vya mishikaki, ndala iliyokatika na uzi wa cherehani, halafu tutaipaka rangi kwa brashi. Mtu mmoja, au wawili wanaoelewana, watakaa nayo kama wiki mbili za baada ya masomo. Afya itaingia tutakapofika kwenye gundi na kopo la rangi. Pale nina maneno mazito kidogo, na ndipo nitakapokaa zaidi.

NDEGE ILIYOVUKA ZIWA LETU

Ndege niliyoichagua ina historia na ziwa letu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, nchi yetu ilikuwa koloni la Wajerumani, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walikuwa Wabelgiji. Ukisimama ufukweni Karema ukatazama kaskazini-magharibi, mbali kuliko jicho linavyofika, huko ndiko iliko Kalemie, ambayo zamani iliitwa Albertville.

Wajerumani walikuwa na meli kubwa ziwani, Graf von Götzen. Meli hiyo yenyewe ilikuja kama modeli ya dukani! Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma, na huko mafundi wakaiunganisha upya. Iliingia majini Februari 1915.

Ili kuiwinda meli hiyo, Wabelgiji waliazima kwa Waingereza ndege nne aina ya Short 827. Nazo zilisafiri ndani ya makasha: kwa bahari mpaka mdomo wa Mto Kongo, kisha mto na reli, hadi ziwani, zikaunganishwa mahali paitwapo Mtoa. Hazikuwa na magurudumu. Chini zilikuwa na maboya, mfano wa mitumbwi midogo, kwa hiyo zilipaa kutoka majini na kutua majini. Lakini mawimbi ya Tanganyika, wenzetu wa Karema na Ikola wanayajua, hayana mzaha na mtumbwi sembuse ndege ya mbao. Zikahamishiwa kwenye maji yaliyotulia ya Tungwe, pembeni ya ziwa. Juni 1916 zikavuka na kuishambulia Kigoma kwa mabomu.

Marubani waliamini wameipiga Götzen. Kinachonichekesha mimi ni hiki: mzinga mkubwa wa meli hiyo ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa kwenye mapigano ya nchi kavu, na mahali pake Wajerumani wakaweka mzinga wa mbao. Modeli ya kumtishia adui! Kwa hiyo mtu akikuambia modeli ni mchezo wa watoto, mpe habari hiyo.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe kabla ya kuikimbia Kigoma. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi. Koti moja la grisi tu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, meli ambayo babu na bibi wengi wa mwambao wameipanda. Muikumbuke ile grisi tukifika kwenye brashi.

KWA NINI MABAWA YA GHOROFA

Short 827 ina mabawa juu na mabawa chini, kama kitanda cha bweni. Siyo urembo. Injini yake ilikuwa na nguvu ya farasi 150, ambayo lori linalopita hapa kwenda Sumbawanga huishinda mara mbili. Injini dhaifu inabeba watu wawili, mafuta na mabomu, kwa hiyo ndege ilihitaji eneo kubwa la bawa. Sasa, ukifanya bawa moja la mbao liwe refu sana, litakatika. Ukiligawa eneo hilo katika mabawa mawili, ukayapanga moja juu ya jingine, ukayaunganisha kwa nguzo na waya za kukatizana, unapata sanduku. Na sanduku ni gumu kulivunja.

Jaribu sasa hivi. Shika rula moja, ipinde. Inapinda. Halafu chukua rula mbili, weka vipande vya kifutio katikati, funga kwa uzi, kisha pinda. Umeona? Wanafunzi wa Fizikia watawaeleza wengine hesabu yake. Mimi nilisoma mambo ya afya, naishia hapo.

VIPIMO NA UUNDAJI

Tunatumia skeli ya 1:50. Kila mita moja ya ndege halisi inakuwa sentimita 2. Short 827 ilikuwa na upana wa mita 16.4 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo yako itakuwa na sentimita 33 hivi. Urefu kutoka pua hadi mkia ni mita 10.7, yaani sentimita 21 na nusu. Kimo ni mita 4.1, yaani sentimita 8. Bawa la chini ni fupi kuliko la juu. Likate kama robo tatu yake. Upana wa bawa, mbele hadi nyuma, acha sentimita 3 na kidogo, na nafasi kati ya bawa la juu na la chini iwe karibu hivyohivyo.

Boksi la viatu linafaa sana, siyo nene mno. Kabla ya kukata, chora kila kipande kwenye daftari la hesabu lenye vyumba, halafu hamishia. Bawa halikuwa bapa kama ubao: mgongo wake umeinuka kidogo. Liweke juu ya chupa ya soda, lipitishe polepole huku ukibonyeza, litapata mgongo. Kiwiliwili ni boksi refu la pande nne linaloanza nene mbele na kumalizikia jembamba mkiani. Toboa matundu mawili ya kukaa watu, maana hawakuwa na kioo juu yao. Upepo wote ulikuwa wao.

Nguzo ni vijiti vya mishikaki. Maboya kata kwenye ndala: mawili makubwa chini ya kiwiliwili, madogo mawili chini ya ncha za bawa la chini, na moja dogo chini ya mkia. Ndala inakatika vizuri kwa wembe na inaelea, nani asiyejua. Waya za kukatizana ni uzi wa cherehani, lakini uzi ungoje mpaka rangi imalizike.

Sasa wembe. Kila mtu na wake. Najua ni maneno mliyoyasikia mara nyingi, ila mezani watu watatu wanagombania wembe mmoja mkali, mmoja anajikata, anaufuta kwenye kaptula, anampa mwenzake. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka siku saba na zaidi. Ukijikata, wembe huo uutupe chooni, siyo jalalani ambako watoto wanachezea, kisha osha jeraha kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa damu ya mtu mwingine imeingia kwenye jeraha lako, usikae nalo kwa aibu. Nenda kituo cha afya mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana. Dawa za kukukinga na VVU zipo, lakini zinatakiwa zianze kabla ya saa 72 kupita. Na ukifika, waulize pia juu ya chanjo ya pepopunda.

WALE WALIOPAKA MABAWA

Haya, tumefika kwenye rangi. Kabla hujafungua kopo nisikilize kidogo.

Mabawa ya ndege za wakati ule yalikuwa fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa cha kitani. Kitani kikiachwa hivihivi hulegea na hupitisha maji. Kwa hiyo kilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kwa kimiminika kilichoitwa dopu. Dopu ilipokauka ilikivuta kitani kikakaza kama ngozi ya ngoma. Ni kazi ya brashi kama hii tunayotaka kuifanya sisi, ila mabawa yalikuwa ya mita nyingi, siku nzima, wiki nzima, ndani ya ukumbi uliofungwa kwa sababu dopu haipendi baridi. Vita ilivyoendelea na wanaume kwenda mapiganoni, wengi wa waliofanya kazi hiyo Uingereza walikuwa wanawake vijana.

Ili dopu iwe majimaji ya kupakika, ilichanganywa na kemikali za kuyeyushia. Mojawapo iliitwa tetrakloroethani. Ilikuwa na harufu tamutamu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo ulishuka na kutuama chini kama ukungu bondeni. Mwishoni mwa 1914 wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Hendon, karibu na London, walianza kuugua. Kwanza uchovu. Chakula hakipiti. Kichefuchefu. Kisha macho yakawa manjano, na ngozi nayo. Ini lilikuwa linaharibika. Baadhi yao walikufa, na katika viwanda vingine pia wengine walikufa.

Hawakulamba dopu, wala hawakuinywa. Walivuta pumzi tu, kama wewe unavyovuta sasa.

Madaktari walichunguza, wakaigundua kemikali hiyo. Mwanzoni mwa 1916 sheria ikavitaka viwanda kuripoti kila mgonjwa wa aina hiyo, na mwaka huohuo kemikali hiyo ikaachwa katika viwanda vya ndege vya Uingereza. Utazame mwaka: 1916. Ndiyo wakati Short 827 zilipokuwa zikivuka ziwa kwenda Kigoma. Vitabu vya historia vinahesabu mabomu. Mimi mtu wa afya nawahesabu na wale waliokufa wakiwa wameshika brashi, maana hakuna adui aliyewarushia kitu.

HARUFU TAMU YA SIKU HIZI

Tetrakloroethani huwezi kuikuta kwenye kopo la rangi la dukani Mpanda. Lakini ndugu zake tunao. Tina wanayotumia mafundi rangi kuzimulia rangi ya mafuta, petroli, gundi ya fundi viatu: zote zina vimiminika vinavyogeuka mvuke haraka. Katika tina na gundi mara nyingi mna toluini. Katika petroli mna benzeni, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu huleta saratani ya damu.

Mvuke huo ukiingia mapafuni hauhitaji kupitia tumboni. Unakwenda kwenye damu, na kutoka kwenye damu unakwenda ubongoni kwa sekunde, kwa sababu kemikali hizi hupenda mafuta na ubongo umejaa mafuta. Kichwa kinakuwa chepesi. Mtu anacheka ovyo, anaona kizunguzungu, maneno yanateleza. Kwa anayepaka rangi hiyo ni dalili ya kuweka brashi chini na kutoka nje. Kwa mwingine, hiyo ndiyo anayoitafuta.

Tuzungumze kama watu wazima. Mmewaona vijana wenye chupa ya gundi mdomoni stendi za miji mikubwa. Msiseme ni wa mjini tu. Petroli iko kila penye bodaboda, na gundi iko kila penye fundi viatu. Na mtu hakuanzishwi na jambazi. Anaanzishwa na rafiki yake wa dawati moja, kwa utani, "nusa kidogo uone." Mtu anaona aibu kukataa kitu kidogo hivyo. Si pombe, si bangi, hakuna mwalimu atakayesikia harufu mdomoni.

Ninachotaka mkijue ni kwamba kunusa kunaweza kuua mara ya kwanza. Siyo mara ya mia. Kemikali hizi huufanya moyo uwe mwepesi kushtuka, na moyo huo ukishtuliwa, mtu akikimbizwa au akitishwa, unaweza kupiga ovyo na kusimama. Kijana mwenye afya, mchezaji wa mpira, anaanguka na haamki. Kwa hiyo ukimkuta mwenzako ananusa, usipige kelele, usimkimbize, usimchape. Mwondolee kitu hicho taratibu, mtoe kwenye hewa, mkalishe, mwite mtu mzima unayemwamini. Akizimia, mlaze ubavu na mumpeleke hospitali. Mambo ya adhabu yatajadiliwa akiwa hai.

Wanaoendelea kunusa kwa miezi, ubongo hauachwi salama. Kumbukumbu inapungua, mikono inatetemeka, miguu inakufa ganzi, na wengine masikio yanapungua kusikia. Mwalimu anasema mtoto amekuwa mvivu, na nyumbani wanasema amelogwa.

Jambo jingine ambalo naliona kila mahali na linaniudhi: tina, petroli au mafuta ya taa kuwekwa kwenye chupa ya soda. Mdogo wako wa miaka mitatu hajui kusoma, anajua umbo la chupa. Akinywa, msimtapishe. Mafuta yakirudi kooni yanaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo penye kifo. Mpelekeni kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi.

RANGI TUTAKAYOTUMIA

Basi modeli yetu haitapakwa rangi ya mafuta. Tutatumia rangi ya maji, ile ya kupakia kuta za ndani. Inazimuliwa kwa maji, brashi inaoshwa kwa maji na sabuni, na haihitaji tina wala petroli. Hata hivyo fungua dirisha, au kaa nje chini ya mwembe. Huhitaji kununua kopo zima: nenda kwa fundi anayepaka nyumba, muombe mabaki ya chini ya ndoo, chukua na kopo lako. Gundi nayo iwe nyeupe, ya maseremala, au uji mzito wa unga wa muhogo. Gundi ya fundi viatu mwachie fundi viatu.

Msipake bwenini usiku. Najua mnafunga madirisha kwa sababu ya mbu, halafu mnawasha kibatari umeme ukikatika. Mchana unatosha, na macho yako utayahitaji mtihani wa Kidato cha Nne.

Na brashi isiingie mdomoni. Wachoraji wengi wana tabia ya kuilamba ncha ili iwe nyembamba. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1917, wasichana waliajiriwa kuchora namba za saa kwa rangi inayong'aa gizani, yenye radiamu, na walifundishwa hivyo kazini: chovya, lamba, chora. Taya zao zilioza na wengi walikufa. Ncha ya brashi itengeneze kwa kitambaa chenye maji. Huhitaji ulimi.

Kama huna brashi ndogo, nywele za mkia wa mbuzi zifunge kwa uzi kwenye kijiti, uzichonge kwa mkasi. Inafanya kazi.

Upakaji wenyewe ni huu. Kwanza boksi linywe koti la gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa, likauke. Bila hivyo boksi litafyonza rangi na kuvimba kama mkate kwenye chai. Hili ndilo grisi ya Liemba: koti jembamba lisiloonekana, linalolinda kila kilicho chini yake. Baada ya hapo chora kwa penseli mistari ya mbavu za bawa, mbele kwenda nyuma, kila sentimita moja.

Rangi ya kitani kilichopakwa dopu ni kama maziwa yaliyoingia chai kidogo. Changanya nyeupe, tone la njano, tone la kahawia. Changanya ya kutosha ndege nzima kwa mara moja, maana rangi hiyohiyo hutaipata tena kesho hata ukiapa. Zimua mpaka iwe kama maziwa mabichi. Chovya nusu ya brashi tu, futa ukingoni mwa kopo, pitisha mbele kwenda nyuma kufuata mbavu, mara moja, kisha iache. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaona michirizi, wanarudia juu ya rangi iliyoanza kukauka, na brashi inaivua rangi kama ngozi ya kidonda. Iache ikauke kabisa, saa moja au mbili kwa jua letu la Septemba. Koti la kwanza litakuwa baya, mistari na mabaka, boksi linachungulia. Usiogope. La pili litafunika, la tatu litamaliza. Makoti matatu membamba yanashinda moja nene kila siku, na mistari ya penseli itabaki inaonekana kwa mbali chini ya rangi kama mbavu chini ya kitani.

Paka kila kipande kabla ya kuunganisha. Ukiunganisha kwanza, brashi haitafika kati ya mabawa. Nguzo, rafadha na maboya zipe rangi ya mbao.

MPANDA NA RISASI

Kuna jambo la mwisho kuhusu rangi na mji wetu. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa Uruwira. Mgodi huo ulichimba risasi. Siyo ya bunduki, nasema ile metali laini, nzito, ya kijivu. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji ukakua kando yake. Tunaweza kusema risasi ndiyo iliyoleta treni Mpanda.

Metali hiyohiyo kwa miaka mingi duniani ilitiwa kwenye rangi ili iwe nyeupe, njano au nyekundu kali na ikauke upesi. Mwilini haina kazi yoyote. Kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo ukiokota ubao wa mlango wa zamani uliopakwa rangi, ukasema utautia msasa uchonge rafadha, uuache. Vumbi lake ndilo sumu. Chonga mti mbichi au kijiti kipya. Dukani chagua kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, na ukimaliza kazi nawa mikono kabla ya kushika muhindi wa kuchoma. Mnaona, nimeishia kwenye kunawa mikono.

MASWALI

Baada ya mazungumzo mlikuwa na maswali mengi. Mmoja aliuliza kama kazi hii ni ya wavulana. Nimekwisha kusema nani walipaka mabawa ya ndege halisi.

Mwingine aliuliza kama rangi ya maji itang'olewa na mvua. Kwenye boksi ndiyo, ikinyeshewa sana. Ukitaka ulinzi zaidi pitisha koti la mwisho la gundi nyeupe iliyozimuliwa. Ikikauka haina rangi.

Uzi wa kukatizana funga mwisho kabisa. Pitisha tundu la sindano kwenye kona za juu na chini za kila nguzo, vuta taratibu mpaka ukaze, tia tone la gundi. Ukivuta upande mmoja kuliko mwingine, mabawa yatapinda kama uso wa mtu aliyeng'olewa jino. Vuta kwa zamu, kushoto, kulia.

Na wa nyuma kabisa, aliyekuwa anachora muda wote, aliuliza kama itaruka. Hairuki, ni nzito mno. Lakini itaelea. Jaza maji kwenye beseni, iweke polepole, uachie. Ikilalia upande mmoja, bandika kipande kingine chembamba cha ndala chini ya boya la upande huo, ujaribu tena.